Mzima Namba Saba

Wewe unayegeuza uso, hebu itazame picha hii ya ubongo.

Mtafiti msaidizi aliikuta kwenye droo ya profesa, akajua ni ya kichwa chake mwenyewe kwa kivuli cheusi cha jino lake lililozibwa. Miaka mitatu iliyopita walipungukiwa mtu mmoja asiyeumwa wa kulinganisha na wagonjwa, akajilaza yeye mwenyewe ndani ya mashine. Sasa anaona uvimbe umezungushiwa kalamu nyekundu, na chini yake mwandiko wa profesa: mzima namba saba.

"Uliuona?" anamuuliza profesa.

"Mwanangu, ningesema, tungebaki na sita. Makala yetu ya utafiti ingekufa."

Maumivu ya kichwa ya kila asubuhi yakamgonga msaidizi palepale penye duara.

"Na mimi je?"

"Wewe hufi ng'o! Jina lako limo, la pili."

La tatu ni lako, msomaji, maana nawe sasa umeuona. Inuka sasa hivi, ukaseme.