Ufagio Nyuma ya Mlango

Tangu Mwanasiti aondoke alfajiri kwenda kupanda ndege, mama yake, Bi Zamzam, hakugusa ufagio. Mtu akisafiri, nyumba haifagiwi mpaka afike, ndivyo walivyolelewa. Unga wa mandazi ya safari ulikuwa umetapakaa sakafuni, na karibu na kizingiti wayo mmoja wa Mwanasiti ulikuwa umejichora, vidole vyote vitano.

Jirani yake, Bi Raya, alichungulia, akaguna. "Shoga, nyumba hii vipi?"

"Mwanangu yuko njiani kwa mumewe."

"Njiani! Alipokuwa akienda huko kusoma, kwa basi, ulikaa na taka siku mbili, nikanyamaza. Masafa ni yale yale, lakini leo ni ndege. Hayo maharage yako hayajaiva, mtoto keshatua."

Bi Raya alipoondoka, Bi Zamzam akachomoa ukuni mmoja chini ya chungu cha maharage, kana kwamba na ndege nayo ingepunguza mwendo.

Simu ikalia. "Mama, nimefika salama. Haya, fagia sasa."

"Mara hii?" Alibonyeza punje ya haragwe, bado ilikuwa ngumu. Basi lilikuwa likimwachia mtu muda wa kuzoea. "Nimeshafagia, mwanangu," akasema.

Simu ilipokatika, upepo ukaingia mlangoni, na unga ukaanza kupeperuka ubavuni mwa kidole kidogo cha ule wayo. Bi Zamzam akainuka mbio, akaufunga mlango, akabaki ameuegemea, ufagio ukimgusa mgongoni.