Ulipokuwa Mpapai

Nilipoinua ndoo ya trekta la kuchimbia, mguu wa chuma unaolishikilia lisiyumbe ulizama kidogo.

"Baba Tatu," mke wangu aliita kutoka mlangoni, "shimo la choo cha zamani si lilikuwa hapo hapo?"

"Lilikuwa chini ya mpapai. Usinifundishe uwanja wangu."

"Mpapai upi? Si uliung'oa jana, ukilijaribu hilo dude lako?"

Nikachungulia chini. Mguu ulizama tena, taratibu, kama mkate kwenye chai. Kiti kikainama. Ufa ukafunguka kando ya gurudumu, donge la udongo likadondokea ndani. Nilitega sikio nilisikie likifika chini.

Mke wangu alivua kandambili, akaanza kunijia mbio.

"Mama Tatu, usije," nilisema polepole, nikiogopa hata kupumua. "Nakuomba. Simama hapo hapo."