Ofa ya Bwawa la Kiboko

Kiboko alikuwa na bwawa zuri, lakini ndege hawakutua hapo. Kila siku makundi yalimpita juu kwenda kwa Nyati, naye wivu ukamkaba. Akatangaza ofa: atakayetua kwake atakula nyasi bure msimu mzima, na kundi likikua, ataongezewa malisho.

Bata bukini wakamiminika. Walipomaliza nyasi za ukingoni akawapa za bondeni, kisha zile alizokuwa akila yeye mwenyewe. Akakonda, huku akijifariji, "Si mnaona walivyojaa!"

Msimu ulipokwisha, akawaomba sasa wawe wanamdonoa kupe mgongoni kama malipo ya kutua.

"Nyati naye ametoa ofa, mzee," kiongozi wao akasema. Wakaruka wote kwa pamoja.

Siku nyingi pakawa kimya. Kiboko alilala kwenye ukingo mtupu, hana nguvu ya kuinua kichwa. Ndipo akasikia mabawa. Kundi kubwa kuliko yote likatua polepole, likamzunguka bila mlio.

"Karibuni," akanong'ona kwa furaha. "Ila ofa imekwisha."

"Hatukufuata ofa, mzee," Tumbusi akajibu, akikunja mabawa. "Wewe pumzika tu. Sisi hatuna haraka."