Kushusha Injini

Mafundi husema "kushusha injini" wanapoing'oa garini, na Sikudhani alilichukia neno hilo. Kitu cha mwisho alichokiona kikishushwa kilikuwa jeneza la mumewe. Tangu siku hiyo gari la mashindano la marehemu, alilolibadilisha kwa mikono yake mpaka likawa fupi na lenye kelele, lilikaa kimya bandani.

"Shemeji, tusipoishusha leo tukaifungua na kuisuka upya, gari hili halitanguruma tena," alisema Ngwali, fundi na rafiki wa marehemu.

"Na ikigoma kurudi?"

"Igome iende wapi? Hapa ndipo kwao."

Sikudhani akaitikia kwa kichwa. Ngwali akafungua boliti ya mwisho, akavuta mnyororo wa winchi. Injini ikajinasua, ikapanda, nyeusi kwa oili, hadi usawa wa macho.

"We Ngwali! Si umesema unaishusha? Mbona inapaa?"

"Sisi mafundi hatukusoma kamusi, shemeji."

Sikudhani akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga.

"Haya, ingia ushike usukani," Ngwali akasema. "Nilisukume gari lirudi nyuma, litoke chini ya injini."

Kwa mara ya kwanza Sikudhani akaketi kwenye kiti cha dereva. "Vruuum!" akanguruma kwa mdomo, na gari lisilo na injini likaanza kurudi nyuma kuelekea juani, huku injini ikining'inia mbele ya kioo, ikizunguka taratibu.