Mafunda Matatu ya Maziwa

Wewe ungeweza kumnyima maziwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, alfajiri, akikulilia huku anakuvuta leso?

Kaltuma hakuweza. Nesi alikuwa ameonya: mjukuu wake Dabasso anapasuliwa ngiri asubuhi, tumbo liwe tupu, asionje kitu. Lakini kwao tangu lini mtu akatoka nyumbani kwenda safari bila maziwa? Mama mtu, Ruweida, alikuwa bado anaswali. Kaltuma akamimina kidogo kikombeni, ya mbuzi, yenye joto la kiwele. Mtoto akanywa mafunda matatu, akacheka, akapakatwa na mamake kwenye boda.

Ngiri yenyewe ilishonwa vizuri. Ila akiwa kwenye dawa ya usingizi, maziwa yalipanda kutoka tumboni, yakaingia mapafuni. Alikohoa siku mbili. Ya tatu wakamzika.

Daktari aliuliza nani alimlisha mtoto. Adano, babake, aliuliza pia. Wanawake wote wawili walisema hawajui.

Tangu hapo kikohozi kile hakikutoka kwenye hiyo nyumba yao ya mtaa wa Wabera. Kaltuma alikisikia ndani ya birika likichemka. Alikisikia akikamua mbuzi, mpaka akawa anamwaga maziwa nyuma ya choo. Ruweida naye alikunywa strungi tu, chai isiyo na maziwa, kifua amekikaza kwa leso, macho chini. Anajua, Kaltuma alijiambia. Ananingoja niseme.

Siku ya arobaini Ruweida alifunga nguo zake. Anarudi kwao Garbatulla, alisema, nyumba hii imemshinda. Adano alikuwa ametoka kutafuta gari. Kaltuma akaketi sakafuni, hapo mlangoni.

"Ni mimi," akasema. "Nilimpa maziwa ukiwa unaswali. Mimi ndiye nilimuua mtoto wako."

Ruweida aliweka begi chini. Halafu akapiga magoti, akamshika mama mkwe mikono yote miwili.

"Hayo yako aliyatapika yote kwenye boda, mama, begani kwangu," alisema. "Ndio akalia njaa. Nikamnyonyesha pale kwenye benchi la hospitali, ndani ya buibui, mpaka akashiba, nikamwambia nesi hajala."