Shimo la Mama Kanga

Palikuwa na kanga mmoja, mama kijana, mwoga kupita kiasi, ila mwenyewe alijiita mwangalifu. Siku moja alimpeleka mwanawe Chindo kwa Bi Nungunungu, aliyefundisha watoto waliopatwa na makubwa.

"Mwalimu, huyu haongei, tangu mwewe amnyakue dada yake haongei, kivuli kikipita anakimbia, na mimi namwambia usiogope, kutwa nzima namwambia usiogope, usiogope, wala hasikii."

"Unamwambia kwa sauti hiyo hiyo ya kutetemeka?" akauliza Bi Nungunungu.

"Ndiyo, hii hii."

Bi Nungunungu akamwonyesha Chindo shimo litakalokuwa lake. Shuleni pale kila mtoto alikuwa na shimo. Akiogopa huingia, havutwi na mtu, hutoka mwenyewe akiwa tayari.

Mama Kanga akaguna. "Kujificha si anajua tayari? Mimi nimemleta afundishwe ujasiri, awe kama mama yake."

Hajamaliza, kivuli kikapita. Chindo akalikimbilia shimo lake, akalikuta limejaa. Mkia wa mama yake ulikuwa nje, unatetemeka. Kwa kukosa pa kwenda, akatazama juu.

"Mama," akasema, "ni jani tu."

Mle ndani Mama Kanga aliisikia sauti aliyoililia siku zote hizo. Akataka kumkumbatia mwanawe, lakini miguu ilikataa. Akaanza kujicheka, machozi yanamtoka.

"Mwalimu, nivute basi."

"Hapa hatumvuti mtu, mama," akasema Bi Nungunungu.

Chindo akakaa mlangoni, akamsubiri.