Sahani ya Shekue

Siku ya pili ya matembezi yao katika jiji lile lisilo na mwisho, Mwanaidi na mumewe Shekue walishuka kutoka mnara waliopanda kulitazama, wakiwa na njaa, wakaingia mkahawani na kuagiza samaki wa kupaka. Shekue akaenda uani kunawa mikono.

Samaki wakaletwa, wakapoa. Mwanaidi akaifunika sahani ya mumewe kwa sahani nyingine, kama afanyavyo nyumbani Shekue akichelewa.

Mhudumu alipoiona alishtuka. "Naye kaenda kunawa, dada?"

"Ndiyo. Mbona harudi?"

Mhudumu alitazama meza za jirani, na Mwanaidi naye akageuka kutazama. Kwenye kila meza alikaa mwanamke mmoja, mbele yake sahani iliyofunikwa.

Mwanamke wa meza ya karibu akamsogezea Mwanaidi jagi la maji, taratibu, kama anayemkaribisha mgeni wa kukaa.